Kesi ya Maharagwe ya Koko

Wiki iliyopita nilikata kipande cha sabuni ya kijani ili nikitie kabatini, kati ya nguo. Watu wengine hununua manukato ya kabati. Mimi kwenda dukani ni safari inayotaka maandalizi ya siku mbili, kwa hiyo nakata sabuni. Harufu yake ni kali, inapanda puani na kukaa huko kama mgeni asiyeaga. Iliponipata nilijikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda, kisu mkononi, na siko tena kwenye chumba changu cha kupanga hapa Columbus. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Louisville, upande wa kusini wa mji, kiangazi cha mwaka 2015, nina miaka kumi na mmoja, na vipande vya sabuni kama ile vinaning'inia ndani ya soksi za mama yangu kuzunguka shamba zima, kama mapambo ya sikukuu isiyojulikana na mtu.

Ngoja niwaeleze soksi hizo zilifikaje pale, maana bila maelezo mtadhani familia yetu ilikuwa na matatizo. Ilikuwa nayo, lakini si hayo.

Tulikuwa tumefika Amerika mwaka uliotangulia, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: mimi, mama yangu, na Koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Huyu alikuwa mama mzazi wa mama, mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko umbo lake. Mama alipata kazi ya kupanga maboksi huko Jeffersontown. Alitoka alfajiri akarudi jioni, miguu imevimba, hataki kusikia habari ya mtu. Mchana nyumba ikawa yetu wawili, mimi niliyejua Kiingereza cha shule na cha televisheni, na Koko aliyejua maneno matatu: "helo", "tenkyu" na "no". La mwisho ndilo alilolitumia zaidi.

Mimi nilikuwa mkalimani wake wa kliniki, wa duka, wa karatasi za umeme. Kazi hiyo niliifanya bila mshahara na bila moyo. Sikuwa mtoto wa kutoka nje. Kochi letu tulipewa na watu wa kanisa, lilikuwa na shimo upande wa kushoto, na kufikia Juni shimo hilo lilikuwa na umbo langu kabisa. Koko alisema nikiolewa watalazimika kunitoa pamoja na kochi.

Yeye aliyatazama majani ya nyuma ya nyumba kwa wiki nzima. Halafu akaanza kwa Kifaransa cha kwao, "Bon. Watu wa hapa wanalima majani, wanayakata, wanayatupa. Hata mbuzi hawana." Akaomba jembe. Mama akatafuta jembe la kwetu, asilipate, akarudi na sepetu. Koko akalitukana sepetu hilo kwa Kibembe, kisha akalima nalo siku tatu. Akapanda lengalenga, matembele, mistari miwili ya mahindi, na katikati, mahali pa heshima, maharagwe.

Maharagwe hayo yalikuwa ya mama yake. Yalitoka Fizi wakati wa vita, yakavuka ziwa pamoja naye, yakazaa kambini miaka yote tuliyokaa, yakaingia Amerika ndani ya kichupa cha dawa ya homa. Yalikuwa meupe yenye madoa mekundu, kama mtoto mwenye surua. Mwaka wa kwanza tulikaa ghorofani, hatukuwa na udongo, na Koko aliogopa kwamba mbegu zikizidi kukaa zitafia chupani. Kwa hiyo tulipopata nyumba yenye ua alizipanda zote. Hakubakiza hata punje moja. Mama alipomgombeza, alijibu kwamba mbegu si dawa, haikai chupani ikingoja mtu augue. Yakaota mashina kumi na tisa, yakapanda miti aliyoyasimikia, yakaanza kutoa maua. Hata mimi, kutoka kochini, nilijua jambo moja: mashina yale yasipozaa, maharagwe ya mama yake Koko yamekwisha duniani.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa wa kwanza kuwaona. Nilikuwa dirishani na bakuli la nafaka za maziwa, na nje umande ulikuwa bado unang'aa juu ya matembele. Walikuwa watatu. Waliingia kama watu waliochelewa ibada, vichwa chini, mguu mmoja mmoja, masikio yakigeuka huku na huku. Uzio wetu wa waya ulinifika kifuani. Wao waliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kulungu, wa kweli, si wa televisheni. Baadaye niliambiwa kwamba wanashuka kutoka kwenye bustani kubwa ya mji, kule juu kilimani kwenye miti, na kwamba mitaa yetu wanaijua kuliko sisi. Nilitaka niwatazame kidogo kabla ya kumwita Koko. Hicho kidogo kilikula mashina manne.

Koko alitoka na mwiko. Aliwapigia kelele zilizowahi kufukuza nguruwe pori wa Fizi na mbuzi wa Nyarugusu. Kulungu wakamtazama, wakamaliza kutafuna, wakaondoka bila haraka. Mmoja, mwenye sikio lililochanika, alirudi kuchukua jani alilolisahau.

"Hizi mbuzi ndefu ziko za nani?" Koko akauliza.

"Koko, si mbuzi. Ni kulungu."

"Sikuuliza jina. Niliuliza mwenyewe."

Jioni simu zikapigwa. Mama mdogo aliyekuwa Buffalo, upande wa mashariki wa mji ule, alisema tumshukuru Mungu, kwao ni kindi tu, lakini kindi wa Buffalo wanaingia hadi jikoni. Mjomba wa Columbus, mwenye jibu la kila kitu, alisema kulungu hawezi kuvumilia harufu ya sabuni. Ndipo soksi zikatundikwa. Kulungu walikuja, wakanusa, wakala. Naona walikula kwa usafi zaidi.

Sasa niwajulishe jirani yetu. Alikuwa mzee wa Kizungu aliyeitwa Roy. Mimi kwa adabu ya shule nilimwita Mister Roy, na Koko akayaunga maneno yote mawili akapata Misteroi. Aliishi peke yake. Mke wake alikuwa amefariki. Tulilijua hilo kwa sababu barazani kulikuwa na viti viwili, na kimoja hakikukaliwa na mtu wala hakikuondolewa. Kila jioni alitoka na ndoo, akaigonga ubavuni kwa kijiko, koh, koh, koh, na kulungu wakatokea kati ya miti ya nyuma. Akawamwagia mahindi. Tena akawa anawaita kwa majina. Yule mwenye sikio lililochanika aliitwa Debi.

Koko aliyaona haya siku moja alipokuwa akianua nguo. Aliingia ndani haraka, vibanio bado vimebanwa kwenye kanga.

"Njoo uone! Anazilisha. Anaziita kwa jina. Nyama ya pori iko na jina?" Kwetu nyama ni mnyama pia, hata kabla hajafika sufuriani. "Ni mifugo yake, Riziki. Na haoni hata haya kwa kutoifunga."

Hapa lazima niwaeleze desturi, msije mkamcheka bure. Kwetu, na kambini pia, mbuzi wa mtu akila shamba lako humpigi. Unamfunga chini ya upenu wako, unampa maji, unangoja. Mwenyewe atakuja. Unamwonyesha nyayo na majani yaliyoumwa, anaona kwa macho yake, anasema pole. Harudi mikono mitupu: ataleta kuku, au chumvi, au kambini kipande cha sabuni. Mnakula pamoja na neno limekwisha. Atakayelirudia baadaye ndiye mwenye makosa. Koko alikuwa na msemo wake, kwamba kesi iliyolewa ugali haifufuki. Nusu ya marafiki zake wa kambini aliwapata hivyo. Rafiki yake mkubwa kuliko wote alimpata kwa beberu mmoja aliyekula kabichi zote.

Basi Jumamosi akavaa kitenge cha kanisani. Akachukua sahani ya bati yenye maua, akapanga juu yake majani ya maharagwe yaliyoumwa, akayafunika kitambaa cheupe. Ushahidi. Akanitoa kwenye shimo langu la kochi, katikati ya katuni, tukaenda kubisha kwa Misteroi.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lile la Louisville halichomi tu, linakuvalisha joto. Nyenje walikuwa wanapiga kelele mitini kama sufuria la mafuta ya moto. Misteroi akafungua mlango akiwa na soksi bila viatu, na Koko akasema kwa sauti ya baraza la wazee:

"Mwambie hivi: Jirani, amani. Sikuja na ubaya. Nyama zako zilikula jasho yangu, na majani ni haya. Ninaomba tukae, tuongee."

Nami, mkalimani hodari, nikamwambia Misteroi: bibi yangu anakusalimu, anauliza habari za kulungu.

Uso wa mzee ukafunguka kama dirisha. Alisema kwa dakika kumi. Si wazuri? Si wapole? Hapana, si wake, si wa mtu yeyote, wanatoka kilimani, walikuwa hapa kabla yetu sote. Mke wake aliwapenda. Huku akisema alifunua kitambaa, akaona majani, akadhani ni zawadi. Akachukua moja, akalitafuna polepole kwa heshima kubwa, akameza kwa shida, akasema ni tamu. Kisha akaipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaingia nayo ndani. Ushahidi wetu uliliwa na mshtakiwa mwenyewe, mbele ya macho yetu.

Njiani Koko akanishika bega. "Maneno marefu vile, na anacheka. Alisema nini?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini ukweli ungetaka maelezo, na maelezo yangetaka turudi mlangoni pa yule mzee, na mimi niliona haya ya kile kitenge, ya ile sahani, ya Kiswahili chetu kilichosikika mtaa mzima. Na katuni ilikuwa inakaribia kwisha. Mambo makubwa maishani mwangu huwa naamua kwa sababu ndogo namna hiyo.

"Alisema pole sana, Koko. Alisema atakuja."

Koko akasimama. Usoni mwake pakaingia kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tutue Amerika. Ulikuwa uso wa mtu mwenye shughuli.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo. "Nilijua ni mtu."

Alitayarisha. Akaosha viti, akanunulisha soda ya machungwa, akakaanga mandazi. Jumamosi iliyofuata alikaa sebuleni amevaa, mikono mapajani, macho mlangoni. Misteroi hakuja, kwa sababu nzuri kabisa kwamba hakualikwa. Jumamosi ya pili vilevile. Aliyekula mandazi ya mgeni ni mimi, nayo yalikuwa laini, yanateremka bila kunilaumu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba Koko aliacha kuwafukuza kulungu. Mimi, kwa mara ya kwanza katika historia yangu, nilitoka kochini nikipiga kelele, "Koko, wanakula!" Yeye alikuwa dirishani, mwiko mkononi, hasogei.

"Waache. Neno limeshafika kwa mwenyewe. Ukipiga nyama ya mtu huku mnangoja kuongea, kosa linageuka lako."

Hata zile soksi aliziteremsha, maana kumtilia dawa mnyama wa jirani wakati wa kesi ni sawa na sumu. Mama alirudishiwa soksi zake, akawa anakwenda kazini akinuka kama bafu la hoteli. Aliniuliza mara moja tu, akiwa amelala kifudifudi, miguu juu ya mto: "Yule mzee kweli alisema atakuja?" Nikasema alisema. Mama akasinzia kabla sijamaliza neno.

Na kulungu wakala. Kila asubuhi nilikwenda dirishani kuhesabu. Mashina kumi na tano yakawa tisa. Tisa yakawa manne. Koko alitoka baada ya wao kuondoka, akainua mashina yaliyolala chini, akayafunga tena kwenye miti kwa vitambaa, kama mtu anayemfunga mtoto viatu. Nilijiambia kesho nitasema. Nilikuwa na kesho nyingi sana wakati huo.

Ikaja siku Misteroi alimpungia Koko mkono kutoka kwenye uzio, na Koko akageuza uso. Sijui kama mmewahi kumwona mwanamke wa Kibembe akigeuza uso. Mlango wa chuma una huruma zaidi. Mzee akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama amemkosea bibi yangu. Kwa mara ya pili nilikuwa na ukweli mdomoni, na kwa mara ya pili nikaumeza kama yeye alivyomeza lile jani. Nikasema hapana, bwana, ni jino. Jino linamuuma sana, hawezi hata kutazama watu.

Jumamosi ya tatu Koko hakuvaa tena. Alikuwa jikoni na kanga ya kazi, anasonga ugali wetu, sombe, yaani kisamvu, na samaki viko tayari. Shina moja tu lilikuwa limebaki shambani, lile la katikati, na maganda yake ya juu yalianza kukauka. Mlango ukagongwa. Nikachungulia. Misteroi, amevaa shati la pasi, amebeba ile sahani ya maua, imeoshwa inang'aa, na juu yake chupa kubwa ya tufaha zilizopikwa zikapondwa. Alizipika mwenyewe. Chakula laini, kwa ajili ya mtu mwenye jino bovu.

Koko naye akachungulia juu ya kichwa changu. "Sahani yangu hairudi tupu!" akanong'ona, akakimbia kuvaa kitenge.

Kilichofuata simtakii mkalimani yeyote. Misteroi akaketi, akauliza jino linaendeleaje. Nikamwambia Koko: anakusalimu. Koko akasema, "Mwambie nilingoja wiki tatu, lakini si kitu, mtu muzima anakuja na miguu yake mwenyewe." Nikamwambia Misteroi: anasema linapungua, asante. Koko akafungua chupa, akaonja kwa ncha ya kijiko. "Tamu. Bon. Mwambie nimepokea." Nikasema anashukuru. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye magoti. Nikaanza kuamini kwamba ningefika salama.

Lakini kesi ina utaratibu wake. Koko akasimama, akamwashiria mgeni, akamwongoza nyuma ya nyumba ili aone kwa macho. Akamwonyesha miti mitupu, mmoja baada ya mwingine, akieleza. Mimi nikasema huyu anakuonyesha shamba lake. Tulipofika kwenye lile shina la mwisho, uzio ukalia kidogo, na Debi akatua ndani, na nyuma yake mtoto wake mwenye madoa mgongoni.

Misteroi akavua kofia. Alitabasamu. Nilimtazama Koko akimtazama mzee akimtazama kulungu akiyatazama maharagwe. Koko alikuwa amekunja mikono tumboni, anangoja mwenye mali afanye linalompasa. Debi akaja, akanusa, akachuma jani la chini. Halafu la juu yake. Halafu ganda, likavunjika kwa mlio mdogo, kama kucha inayokatwa.

Koko hakusogea. "Riziki," akasema taratibu, "mwambie aite nyama yake. Mwambie tafadhali."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia Koko akimwomba mtu tafadhali. Nilivua kandambili nikamrukia Debi nikipiga mayowe, nikakanyaga matembele, nikaanguka kifudifudi na udongo ukaingia mdomoni. Kulungu wakaruka uzio. Nami nikabaki pale chini, nikalia kwa lugha mbili. Kwa Kiswahili nilisema: si wake, Koko, hawana mwenyewe, alituambia siku ile ile, hakusema pole, hakusema atakuja, nilisema mimi. Kwa Kiingereza nilisema: hana jino bovu, bwana, anadhani kulungu ni wako, na wamekula maharagwe ya mama yake, na hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Ndege ya mizigo ikapita juu yetu, chini sana, kama zinavyopita upande ule wa mji, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema hata kama angetaka.

"Hakuna mwenyewe?" Koko akauliza ilipokwisha kupita.

"Hakuna."

"Hata serikali?"

Nikamuuliza Misteroi. Alifikiri, akasema labda serikali, lakini hajawahi kuisikia serikali ikija kumwomba mtu radhi. Nikalitafsiri hilo lote, neno kwa neno. Koko akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ule uso wa mtu mwenye shughuli ukazimika, akabaki kikongwe mdogo mwenye kitenge cha kanisani nyuma ya nyumba ya kupanga. Nilidhani analia maharagwe.

Misteroi alikuwa amekwenda kwenye lile shina. Alikigusa kitambaa alicholifungia Koko. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Akasema kitu kwa sauti ndogo, na akanitazama nimfikishie.

"Anasema mke wake ndiye aliyeanza kuwapa mahindi. Alipokufa yeye hakuweza kuacha. Anasema kama asingewazoesha kuja kwake, wasingefika kwako. Anasema pole."

Koko akanikazia macho. "Ni yee anasema, ama ni weye unasema?"

"Ni yeye, Koko."

"Mwambie arudie."

Akarudia, kofia kifuani, na safari hii mimi sikuhitajika.

Koko akajipangusa uso kwa upindo wa kitenge, akainuka kutoka kwenye ndoo.

"Bon," akasema. "Yee aliwalisha mahindi. Miye niliwalisha maharagwe. Donc basi hizi nyama ni zetu sisi wawili. Na kama ni zetu wawili, nani atatushitaki? Mwambie aingie. Ugali unapoa."

Misteroi alikula ugali kwa uma, na sombe kwa mashaka, na samaki kwa furaha hadi kichwa. Koko alimaliza nusu ya zile tufaha. Mimi nilihukumiwa kuosha vyombo hadi shule zifunguliwe, na kutafsiri kila neno, hata kikohozi. Koko hakulitaja tena jambo lile, kwa kuwa limeliwa ugali. Mama, ambaye hakuwepo mezani siku hiyo, alijiona huru kulitaja kila wiki.

Kesho yake asubuhi Misteroi alikuja na wavu wa waya na nguzo nne, akalizungushia shina la mwisho ngome ambayo ingemzuia tembo. Juu kabisa, mahali ambapo Debi hakufika, yalikuwa yamebaki maganda mawili. Septemba Koko aliyafungua juu ya kiganja. Punje saba. Mwaka uliofuata alizipanda mpakani, nne upande wetu, tatu upande wa Misteroi, zote ndani ya waya, na mzee akahamisha ndoo yake upande mwingine wa nyumba.

Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kama kichekesho, mimi nikiwa mwongo na Koko akiwa mshamba. Watu hucheka hasa pale kwenye jani. Lakini sasa ninapoikumbuka, macho yangu huenda kwenye ile ndoo aliyoikalia. Tangu tufike, mambo yalikuwa yanatutokea bila kuletwa na mtu. Barua za umeme hazikuwa na mwandishi. Simu zilijibiwa na sauti iliyotuambia tubonyeze namba. Mama alikatwa saa za kazi, na hakuna aliyeweza kusema nani amezikata. Kisha wakaja wanyama wakala shamba, na kwa mara ya kwanza Koko akaona nyuma ya hasara yake kuna mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango kuna mzee mwenye soksi. Alivaa kitenge. Aliwaacha wale wanyama wamalize mbegu za mama yake ili asiuharibu mlango ule. Nilipomwambia hawana mwenyewe, nilimrudisha kwenye barua za umeme. Hilo ndilo alilolilia.

Koko sasa yuko Buffalo kwa mama mdogo, macho yamefifia, sauti haijafifia hata kidogo. Juzi alinipigia akaniuliza habari za huku Columbus, kazi, chakula, kanisa. Halafu akauliza jirani yangu anaitwa nani. Nikamwambia simjui jina. Na wa juu? Wa juu vilevile. Nikataka kumtuliza, nikamwambia kwa fahari asiwe na wasiwasi nami: miaka minne nimekaa katika nyumba hii, na sijawahi kukosana na mtu hata siku moja.

"Miaka minne, hata kesi moja?" Koko akauliza.

"Pole," akasema. "Pole sana, mutoto wangu."